Pua ya Fundi Kioo Ilivyorudi Nyumbani

Kuna mtu amepaka rangi magari ya nusu ya mji, na muda wote huo hajui rangi inanukaje. Mtu huyo ni Fundi Kioo. Jina alilipata gereji, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Ukiwauliza mafundi wengine wa rangi watakuambia na wao ni wakali. Waulize mara ya pili uone wanavyoangalia chini.

Sasa fundi huyo mkali alikuwa na pua iliyokufa. Haikufa siku moja. Enzi zao kuvaa barakoa kulionekana uoga, kwa hiyo alijifunga kitambaa puani, tena kile kile cha kufutia mikono, akashika bunduki ya rangi, akapuliza. Thina ile ya kuzimulia rangi ikaingia puani kila siku na kumfuta humo ndani taratibu, kama inavyofuta rangi ya zamani kwenye bati. Mwishowe ukimshikia kitunguu usoni anakuuliza unamzibia nini.

Nyumbani ikawa utani. Mkewe ni mpishi wa shule, na mama huyo ana pua ya watu wawili. Wali ukianza kushika chini ya sufuria, yeye anajua akiwa bado yuko getini anatafuta ufunguo. Siku moja alimwachia mumewe maharage jikoni ayaangalie. Aliporudi, nyumba imejaa moshi, majirani wako nje na ndoo za maji, na Fundi Kioo yuko sebuleni anasikiliza mpira redioni.

"Si nilikwambia uyaangalie?" mkewe akauliza.

"Nimeyaangalia. Hukuniambia niyanuse."

Na wiski alikunywa miaka hiyo hiyo. Alikunywa kama mtu anayezima moto, ila anauzima kwa moto mwingine. Inaingia, inachoma, inashuka, unakunja uso, unagonga glasi mezani ili watu wajue umekunywa. Ungemuuliza wiski ina ladha gani angekujibu, "Kali." Basi. Ungemuuliza ina harufu gani angekuangalia kama umemuuliza shati lake lina umri gani.

Kifua kilipoanza kumpigia filimbi, alikwenda hospitali kwa ajili ya kifua, akatoka na habari za ini. Daktari alimpokonya vitu viwili kwa pumzi moja. "Mzee, bunduki ya rangi weka chini. Na chupa weka chini."

Mkewe alikuwepo, mkoba mapajani, anasikiliza. Walipofika nyumbani alivua viatu, akakaa, ndipo akasema.

"Baba watoto, ukiumwa nitakuuguza. Sitachoka. Lakini sitakaa humu ndani nikuangalie unajimaliza kwa mkono wako mwenyewe. Tone moja tu, nahamia kwa mwanetu."

Usifikiri alikuwa anatisha tu. Mama huyu aliwahi kuapa hatakanyaga duka la pale kona kwa sababu walimuuzia mchele wenye mawe. Duka limebadilisha mwenye mali, limebadilisha mpaka mlango, na yeye bado anapita upande wa pili wa barabara. Tena binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa na mtoto mchanga na kila siku anapiga simu, mama njoo, mama utakuja lini. Mlango wa kuondokea ulikuwa wazi, tena umewekewa zulia. Na Fundi Kioo, pamoja na majigambo yake yote, alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi jikoni. Hilo la chumvi ndilo alilokuwa akilitaja gereji watu wakicheka. Lile lingine, kwamba nyumba bila huyo mama ingekuwa kama gari lisilo na injini, hakulitaja kwa mtu.

Basi akaacha, kweli kweli. Pale gereji wakampa kiti kivulini, akawa anachanganya rangi kwa jicho na kuwakosoa vijana. Thina ikabaki mbali na uso wake. Miezi ikapita.

Sasa yupo shemeji yake, mdogo wake huyo mama, fundi wa kushona viti vya magari pale pale gereji. Mkono wake mwepesi kwenye sindano, na mdomo wake mwepesi zaidi. Nyumbani kwake mkewe hataki kuona chupa, kwa hiyo kila Jumapili alasiri anakwenda kwa dada yake na kichupa kwenye koti, anakunywa glasi moja, anasifia chakula, anaondoka na kichupa chake. Dada angemkataza, lakini yeye ndiye aliyembeba mgongoni wakiwa wadogo, na mtu uliyembeba mgongoni ni vigumu kumfukuza. Akaweka sharti tu. Mdogo mtu anakunywa mbele ya macho yake, na mume anakunywa chai.

Jumapili moja, dada alikwenda kumsindikiza mdogo wake mpaka barabarani. Fundi Kioo akabaki kuondoa vyombo mezani. Akachukua sahani, akachukua kikombe chake cha chai, mara akasimama.

Kuna kitu kilikuwa kimempita puani.

Akarudisha sahani mezani polepole, kama mtu aliyesikia panya. Akavuta hewa. Zabibu kavu. Akaangalia juu ya kabati kama kuna mtu ameficha zabibu. Hakuna. Akavuta tena. Asali. Akanusa pazia: vumbi, lakini hata hilo vumbi alilisikia, na lilimshtua. Akanusa kiti alichokalia shemeji. Akainama chini ya meza, mzee mzima na mgongo wake, akanusa mpaka chini ya meza. Harufu ikawa inapungua. Akainuka, ikaongezeka. Akaifuata kama mbwa wa polisi mpaka akagonga pua kwenye glasi ya shemeji.

Glasi ilikuwa tupu. Aliigeuza juu chini, hakikudondoka kitu. Akaingiza pua.

Jamani. Humo ndani mlikuwa na zabibu, asali, na nyuma yake kitu kama mbao mpya iliyotoka kupigwa randa. Alikaa chini. Akatoa pua, akapumua, akairudisha, na mbao ilikuwa bado ipo. Akajiuliza, hii ndiyo ile niliyokuwa naimwaga kooni miaka yote? Hii? Ilikuwa kama mtu aliyeishi na jirani miaka na miaka akimjua kwa kukohoa tu, kisha siku moja anamsikia anaimba.

Mkewe aliporudi, alikuta mumewe ameosha vyombo vyote. Hilo peke yake lingetosha kumtia wasiwasi, ila alikuwa amechoka. Hakujua kwamba glasi moja haikuoshwa.

Kuanzia hapo Fundi Kioo akawa na shughuli. Aliifikiria kwa akili ya kazi yake, maana ndiyo akili aliyonayo, na ni nyingi. Rangi ukiipuliza, kwanza unasikia thina, na thina haikai, inaruka. Ikisharuka ndipo rangi yenyewe inatulia kwenye bati. Akaona kumbe na wiski ni hivyo hivyo. Ule ukali unaochoma pua ndiyo thina yake. Ukiruka, kinachobaki kimeganda kwenye glasi ndiyo rangi yenyewe. Na rangi hiyo nayo inabadilika. Glasi ya jioni ina asali. Ile ile asubuhi, asali imejificha na mbao imejitokeza mbele. Ukiifumbata kiganjani ipate joto, inatoka harufu nyingine kabisa, kama kiatu kipya cha ngozi.

Lakini glasi iliyoachwa wazi ilichuja haraka na kuokota vumbi. Sasa fundi wa rangi, kitu hutaki kiingie vumbi unakifanyaje? Alikata gazeti, akalivika mdomo wa glasi, akazungushia tepu ya karatasi, ile ya kufunikia vioo vya gari kabla ya kupuliza. Kona zimekunjwa safi, hakuna kikunyanzi. Glasi zilivyoongezeka, akawa anaziweka nyuma ya sahani za wageni, maana kule sabuni ya mkewe haifiki mara kwa mara.

Kwa nini hakumwambia? Jiweke wewe. Miaka pua imekufa, haikufufuka kwa harufu ya mchuzi wa mkeo, haikufufuka kwa harufu ya mvua, imefufuka kwa wiski. Utaanzia wapi? Angeambiwa pua yake imetoka kaburini ikaenda moja kwa moja baa.

Shemeji ndiye aliyemgundua kwanza. Jumapili ya pili tu, dada yuko jikoni, shemeji anamalizia glasi, akaona anaangaliwa.

"Shemeji, mbona unaniangalia kama nina deni?"

"Kunywa. Usilambe pembeni, unaniharibia."

"Naharibu nini?"

"Maliza tu, uniachie glasi. Lakini imalizike kabisa, sitaki tone."

Shemeji akamaliza, akampa. Akamwona mume wa dada yake anaigeuza juu chini, anaisubiri, anaipangusa mdomo, kisha anazamisha pua na kufumba macho.

"Dada yangu ameolewa na paka," shemeji akasema.

"Nyamaza. Kuna kitu humu kama moshi. Wa mbali. Jumapili iliyopita haukuwepo."

"Nimebadilisha chupa." Shemeji akaacha kucheka. "Wewe umejuaje?"

"Nimeusikia."

"Kwa pua ipi? Hiyo iliyounguza maharage?"

"Hiyo hiyo. Na wewe funga mdomo wako, angalau mara moja tangu uzaliwe."

Shemeji akaapa kunyamaza. Alinyamaza kweli, na kwa kumjua alivyo, hilo lilimuumiza kama jino.

Mambo yakaharibika siku ya kawaida tu, katikati ya wiki. Walimu walikuwa wanakuja nyumbani kumpa pole mama mpishi kwa sababu ya mguu uliokuwa umeteguka, naye akataka zile sahani za wageni. Akavuta sahani. Nyuma yake akakuta glasi zake, zile alizodhani zimevunjwa na mtu asiyetaka kusema, zimepangwa kama askari, kila moja imevikwa gazeti na kufungwa tepu. Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Hakuna mtu mwingine duniani anayekunja kona hivyo.

Akabandua moja. Pua yake haikuhitaji kukaribia.

Wageni walikuja, wakanywa chai, wakaondoka, na hawakuona kitu usoni mwake. Kisha akampigia kijana wa duka la simu anayekatia watu tiketi, akaulizia basi la kesho, akaingia chumbani, akatoa begi, akafungua kabati la nguo.

Fundi Kioo alirudi jua likiwa bado juu, akiongozana na shemeji, wanabishana kuhusu gari la mtu. Sebuleni wakazikuta glasi mezani, magazeti yamebanduliwa. Shemeji akasimama mlangoni.

"Mimi nimekumbuka kitu gereji," akasema.

"Ingia ndani," sauti ya dada yake ikatoka chumbani. "Wewe ndiye mleta. Na wewe, baba watoto, usianze kunieleza. Nilisema tone moja. Nimekuta kabati zima."

"Mke wangu, sijanywa."

"Glasi zimejinywea zenyewe."

"Nanusa tu."

Hata shemeji, aliyejua ni kweli, alisikia jinsi lile neno lilivyotoka bovu.

"Unanusa." Mama alikuwa anakunja gauni, na alilikunja taratibu kuliko kawaida. "Miaka yote hii ungenidanganya hata kwa uongo wenye heshima. Ungesema ni za rafiki yako. Ungesema dawa. Unanusa, wewe? Wewe ambaye nyumba inaungua umekaa unasikiliza mpira?"

"Dada, ni kweli ananusa," shemeji akasema. "Namwachia glasi, anaingiza pua, anafumba macho." Akajiona anavyosema, kicheko kikamponyoka, akakizuia kwa kukohoa.

"Shahidi wako huyo," mama akamwambia mumewe. "Anacheka kortini."

Akachukua kitenge kutoka ndani kabisa ya kabati, akakikung'uta, akakiweka begini. Fundi Kioo alikuwa amefungua mdomo ajitetee. Hakujitetea. Aligeuza shingo, akaangalia dirishani, akaangalia mlangoni, akarudi kuangalia chumbani.

"Nani anamenya chungwa?" akauliza.

Mkono wa mama ukasimama.

"Nini?"

"Chungwa. Kuna mtu anamenya chungwa humu. Hapana, si bichi. Kama lililokauka. Limetoka hapo ulipokung'uta." Alikuwa ameshasahau kesi. Akasogea kabatini, akainamisha kichwa kati ya nguo za mkewe, akavuta hewa. "Liko humu. Mama watoto, umeweka nini humu?"

Mama aliingiza mkono chini ya nguo, akatoa kifuko cha kitambaa, akakifungua. Maganda ya machungwa yaliyokauka, meusi pembeni. Ya kufukuza wadudu.

"Nayaweka tangu tulipooana," akasema.

"Tangu tulipooana?"

"Kila mwaka nabadilisha."

"Na mimi nalala hapa hapa?"

"Unalala hapo hapo."

Fundi Kioo akakichukua kile kifuko, akakinusa, akamwangalia mkewe, akakinusa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba kimoja zaidi ambacho hajawahi kukiingia. Shemeji alikuwa kimya mlangoni, na mimi nakuhakikishia hiyo haijawahi kutokea tena.

Mama akakaa kitandani, pembeni ya begi. "Pua imerudi lini?"

"Sijui. Ilianzia kwenye glasi ya huyu."

"Bila shaka ianzie huko," akasema, lakini kwa sauti nyingine. Kisha akakaza uso. "Haya. Pua imerudi. Mdomo je? Njoo unipumulie."

Akaja, akapiga magoti kwa shida, akampumulia. Mama alivuta hewa kama mtu anayeonja chumvi kwenye sufuria la shule nzima.

"Chai. Karanga. Mkate uliokuwa na ukungu, nimekukataza kula vya pale gereji." Akasita. Akakaribia zaidi. "Na wiski."

"Haiwezekani."

"Tulia." Alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anakagua embe. "Haitoki mdomoni. Iko kwenye masharubu."

"Yanagusa glasi," shemeji akasema haraka. "Anazamisha uso mzima, dada, utafikiri anatafuta ufunguo."

Mama alimwachia kidevu. Akakaa akimwangalia mumewe pale chini, kichwa chenye mvi, masharubu yenye hatia na mdomo usio na hatia. Nguo zilikuwa nusu begini, nusu kitandani.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hicho unachokinusa. Nataka kujua ni kitu gani kimenifanya nikose glasi za wageni."

Wakatoka kwenda sebuleni. Fundi Kioo akavuta kiti, akampangusia, akaanza kumpa glasi moja baada ya nyingine, kwanza ile ya karibuni, mwisho ile ya zamani. Alijaribu kunyamaza, lakini utamnyamazishaje fundi mbele ya kazi yake. "Usiingize pua yote. Simama hapo mdomoni. Sasa ifumbate kwa kiganja. Ngoja ipate joto. Hiyo kali ikipita, iache ipite, usihangaike nayo."

Mama akanusa ya kwanza. "Pombe," akasema, akairudisha.

Akanusa ya pili, akakaa nayo kidogo. "Asali. Ile ya kwenye sega, si ya dukani."

"Si nilikwambia?"

"Hujaniambia kitu, ulikuwa umenificha." Akachukua ile ya zamani, iliyokaa na gazeti lake muda mrefu kuliko zote. Akafumba macho. Wanaume wawili wakamwangalia. Akaitoa, akairudisha, akaitoa.

"Mbao," Fundi Kioo akasema, hakuweza kuvumilia. "Umeiona mbao?"

"Mbao naiona. Lakini nyuma ya mbao kuna maziwa."

"Maziwa gani?"

"Maziwa yaliyochemka yakashika moshi wa kuni. Kama ya sufuria iliyofunikwa."

Fundi Kioo akamnyang'anya glasi, akazamisha pua. Hakuna. Akaifumbata, akaipasha, akanusa tena. Mbao, ngozi, zabibu kwa mbali. "Hakuna maziwa humu."

"Yapo."

"Mke wangu, mimi glasi hii naijua, nimekaa nayo."

"Na mimi nimekwambia yapo. Pua yako changa hiyo, haijaota meno."

Shemeji akanusa na yeye. Akasema anasikia wiski. Wakamwambia akae.

Walibishana mpaka giza likaingia. Mama akapanga glasi upya kwa utaratibu wake, akasema gazeti lina wino na wino unaingilia, afadhali kisahani. Fundi Kioo akakataa, kisahani kinapitisha hewa. Hapo katikati ya ubishi simu ya mama ikalia mfukoni mwa gauni. Binti yao.

"Mama, kaka wa duka la simu ameniambia umeulizia basi la kesho. Unakuja?"

Mama akaliangalia begi kupitia mlango wa chumbani. Fundi Kioo akashika glasi bila kuinusa, amekaza macho kwenye mdomo wa mkewe.

"Siji, mwanangu," mama akasema. "Nitakuja mwezi ujao na baba yako, amwone mtoto. Amnuse na kichwa, ajue mtoto mchanga anavyonukia, hakupata kwako wewe. Kesho siwezi."

"Kuna nini kesho?"

"Kuna glasi ya wiski nimeifunika. Nataka nimwonyeshe baba yako asubuhi kwamba ina maziwa."

Upande wa pili binti akafunga mlango kwanza.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "na wewe umeanza?"